Waliokwenda Mahakamani Bila Kuomba Haki Mpya

Tarehe 20 Julai 2005, mwenyekiti wa LC1 wa eneo la Kireka, nje kidogo ya jiji la Kampala, alivamia nyumba ya Victor Mukasa akiwa na kundi lake. Hawakuwa na hati ya upekuzi. Mwenye nyumba hakuwapo, ila mgeni wake, mwanamke, alikuwa ndani. Walichukua nyaraka, wakamkamata mgeni, wakampitisha ofisini kwa mwenyekiti na kumfikisha kituo cha polisi. Huko alivuliwa nguo kwa nguvu na kushikwashikwa mwilini, eti wahakikishe kama ni mwanamke au mwanamume.

Kwa msomaji wa Tanzania, LC1 ni cheo kinachokaribiana na kile cha mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Ndiye anayekuandikia barua ya utambulisho unapoihitaji, na ndiye anayejua nani amehamia na nani amehama. Kwa hiyo uvamizi ule haukufanywa na majambazi kutoka mbali. Uliongozwa na kiongozi ambaye Mukasa angemwendea kwa msaada kama angevamiwa na majambazi.

Mukasa alizaliwa akaandikishwa kuwa msichana, akakua na kuishi kama mwanamume. Mwaka 2004 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Sexual Minorities Uganda, mwavuli uliokusanya vikundi vidogo vilivyokuwa vikikutana kwa kificho, na akawa mwenyekiti wake. Nyaraka zilizobebwa Kireka zilihusu kazi hiyo. Baada ya uvamizi alilazimika kukimbia na kujificha. Wengi tungeishia hapo, na hakuna ambaye angetulaumu.

Yeye na mgeni wake waliamua kuishtaki serikali. Jambo hilo lilikuwa halijawahi kusikika Uganda, kwamba mtu wa namna yake, anayetukanwa redioni na kukemewa makanisani, anamwita Mwanasheria Mkuu mahakamani. Kesi ikiwa bado haijaamuliwa, Agosti 2007, Mukasa na wenzake waliitisha mkutano wa waandishi wa habari mjini Kampala. Wengi wa wanaharakati walikaa mbele ya kamera wakiwa wamefunika nyuso kwa vinyago. Walitaka waachwe waishi kwa amani. Siku chache baadaye mamia ya watu waliandamana mjini humo kuwapinga.

Hukumu ilitoka tarehe 22 Desemba 2008. Jaji Stella Arach-Amoko wa Mahakama Kuu aliweka wazi tangu mwanzo kwamba mbele yake hapakuwa na kesi ya ushoga. Alichotakiwa kuamua ni kama raia wawili walivunjiwa haki zao. Akaifungua Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, penye kinga ya utu na faragha ya nyumba, akaona kwamba zote zilikuwa zimekanyagwa. Mgeni alipewa fidia ya shilingi milioni 10 za Uganda, Mukasa milioni 3.

Si fedha nyingi. Uzito wa hukumu hiyo uko kwingine. Katiba inaposema kila mtu, jaji alisoma kila mtu, bila kuongeza kifungu wala kubuni haki. Mawakili wa Mukasa hawakumwomba aibariki jinsia ya mteja wao. Walimuuliza tu kama mwenyekiti wa mtaa anaruhusiwa kuingia nyumba ya mtu bila hati. Swali la namna hiyo halina jibu la pili, hata kwa jaji asiyempenda mlalamikaji.

Miaka mitano baadaye, upande wa pili wa mpaka, nchini Kenya, mwingine alishika njia hiyohiyo, na sidhani kama ni kwa bahati.

Audrey Mbugua alifanya mtihani wa mwisho wa sekondari, KCSE, mwaka 2001 katika Shule ya Upili ya Kiambu, iliyo ya wavulana, akapata A-. Akaenda Chuo Kikuu cha Maseno kusomea sayansi ya tiba. Mbele yake palikuwa na maisha ambayo mzazi yeyote wa Kiambu angejivunia. Lakini Audrey alijijua kuwa mwanamke, na alipoanza kuishi hivyo, alama zake nzuri ziligeuka mzigo. Cheti kilibeba jina la kiume na alama ya jinsia ya kiume, wakati aliyekikabidhi dirishani alikuwa mwanamke aliyevaa sketi. Ofisa wa ajira anatazama karatasi, anatazama mtu, anatazama tena karatasi. Mazungumzo yanaishia hapo, au yanageuka kuwa tuhuma ya wizi wa cheti.

Mwaka 2008 madaktari wa Hospitali ya Mathari, Nairobi, walimpima na kuthibitisha hali yake. Upasuaji uliokuwa umepangwa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ulisitishwa na wakubwa wa wizara. Hajaficha kwamba katika miaka ile alifikia hatua ya kutaka kujiua. Mwaka 2012 alibadili jina kwa hati ya kisheria, kama afanyavyo Mkenya yeyote anayetaka jina jipya. Kilichobaki kilikuwa cheti. Baraza la Mitihani la Kitaifa, KNEC, lilikataa kukigusa.

Mwaka 2013 Mbugua alilishtaki Baraza. Mtu angetegemea kesi yenye mabango na hotuba kuhusu jinsia ni nini, na Wakenya walikuwa tayari kwa ubishi wa aina hiyo, maana magazeti na televisheni vilikuwa vimeshamfanya gumzo. Ndani ya mahakama hoja ilikuwa kavu kabisa. Je, kuna sheria inayolazimisha cheti cha mtihani kionyeshe jinsia? Je, kanuni za Baraza lenyewe hazimruhusu mtu kurekebishiwa cheti?

Jaji Weldon Korir alijibu tarehe 7 Oktoba 2014. Hakuna sheria kama hiyo, na kanuni za Baraza zinaliruhusu kukichukua tena cheti na kukirekebisha. Mwanafunzi hapewi alama kwa kuwa mvulana au msichana. Anapewa kwa alichoandika kwenye karatasi ya majibu, hivyo kuondoa alama ya jinsia hakupunguzi thamani ya cheti hata chembe. Jaji aliizungumzia pia heshima ya utu, ambayo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtu katika kifungu cha 28. Baraza likaamriwa litoe cheti kipya chenye jina la Audrey na kisicho na alama ya jinsia, ndani ya siku 45.

Miezi michache kabla ya hapo, tarehe 23 Julai, kikundi alichokiongoza, Transgender Education and Advocacy, kilikuwa kimeshinda kesi nyingine. Bodi iliyokuwa ikisajili mashirika yasiyo ya kiserikali ilikuwa imekipiga danadana, kikwazo kikiwa majina ya maofisa wake na jinsia zao. Jaji George Odunga aliona kwamba huo ni ubaguzi na utendaji usio wa haki, akaamuru kikundi kisajiliwe.

Mbugua si kiongozi wa kupendwa na kila mtu, hata ndani ya harakati zenyewe. Kwa miaka mingi amesisitiza kwamba suala la watu waliobadili jinsia lisitiwe chungu kimoja na la mapenzi ya jinsia moja. Amewalaumu hadharani wanaharakati wa mashoga kwa kuwameza watu wake kisha kuwasahau fedha za wafadhili zinapoingia. Kuna waliouita usaliti. Mukasa alikwenda kinyume chake kabisa, kwani mwavuli wake ulikuwa wa wote, na kwake polisi anayempiga shoga na anayemvua nguo mwanamke ili amkague ni polisi yuleyule.

Nani alikuwa sahihi? Kwa hali ya Kenya ya 2014 nadhani Mbugua alisoma upepo vizuri. Jaji aliyeombwa kuamua juu ya cheti aliweza kuamua juu ya cheti bila kuombwa kutikisa sheria ya makosa ya jinai. Ila njia yake ina kikomo, na Uganda inakionyesha. Hukumu ya 2008 ilimlinda Mukasa dhidi ya mwenyekiti aliyevunja sheria. Haikuweza kumlinda mtu dhidi ya sheria mpya, na Mei 2023 Rais Museveni alitia saini sheria ya kupinga ushoga ambayo kwa baadhi ya makosa inafika adhabu ya kifo. Sheria hiyo haijali tofauti aliyoisisitiza Mbugua. Mukasa mwenyewe alikuwa ameshaondoka Uganda miaka mingi nyuma, kwanza kwenda Afrika Kusini na baadaye Marekani.

Nchini Kenya mfululizo wa hukumu umeendelea. Agosti 2025, Mahakama Kuu mjini Eldoret iliamua kesi ya mwanamke aliyebadili jinsia, ambaye baada ya kukamatwa mwaka 2019 alipekuliwa mwili na kupimwa hospitalini kwa lazima. Ni kisa kinachokumbusha kile cha Kireka. Jaji Reuben Nyakundi alimpa fidia ya shilingi milioni moja za Kenya. Kisha akapiga hatua ambayo Arach-Amoko na Korir hawakuwa wameombwa kuipiga, akaiagiza serikali iandae sheria ya kuwalinda watu wa jamii hiyo.

Hukumu ya jaji inamfaa aliyekuja mbele yake, pamoja na yule atakayekuwa na wakili wa kuinukuu. Wapo wengi wenye vyeti visivyolingana na nyuso zao ambao hawana nauli ya kufika mahakama za Milimani, Nairobi, sembuse ada ya wakili. Mpaka Bunge litunge sheria hiyo, kila mmoja wao atalazimika kuanza kesi yake mwenyewe kutoka mwanzo.