Barafu katika Tiba ya Viungo: Historia ya Ganzi

Babu zetu wa Gitega na Muyinga waliijua barafu kama mvua ya mawe tu: kitu cha kuangamiza maharage shambani, si cha kutibu mtu. Leo barafu imo katika tiba ya viungo. Insha hii inadai kwamba faida yake na hatari yake ni kitu kimoja: ganzi.

Mwaka 1807, katika vita vya Eylau huko Prussia, Dominique Larrey, daktari mpasuaji wa jeshi la Napoleon, aliona kuwa askari waliopigwa na baridi kali hawakuumia sana walipokatwa miguu. Aliona pia kwamba waliokimbilia kuota moto wakiwa na ganzi, viungo vyao vilioza. Mwaka 1851 John Gorrie, daktari wa Florida, alipata hataza ya mashine ya barafu, iliyotokana na juhudi zake za kuwapoza wagonjwa wa homa. Mwaka 1978 daktari Mmarekani Gabe Mirkin aliwapa wanamichezo kanuni nne: pumzika, weka barafu, funga bendeji, inua kiungo. Zaidi ya miaka 30 baadaye alijisahihisha: barafu hupunguza maumivu, lakini ikizidi huchelewesha kupona, kwani uvimbe ni sehemu ya mwili kujiponya. Akashauri dakika 10 tu, kisha mapumziko ya dakika 20, ndani ya saa 6 za mwanzo.

Kwetu jambo hili ni zito. Vita vilivyoanza 1993 viliwaacha wengi na ulemavu, na Gitega ndiko kiliko kituo cha taifa cha viungo bandia na mazoezi ya viungo. Mtu wa Muyinga akitibiwa huko, hurudi kwao karibu na mpaka wa Tanzania bila mtaalamu pembeni. Kigutu chenye kovu huenda kisihisi vizuri. Barafu inaweza kukiunguza naye asijue. Ndivyo pia kwa mwenye kisukari au ukoma aliyepoteza hisia.

Kwa hiyo, kwanza ngozi ijaribiwe kama inahisi. Kitambaa kiwekwe kati, dakika zihesabiwe, mtu asilale na barafu, wala isiwekwe juu ya jeraha wazi. Ngozi ikigeuka nyeupe, iondolewe mara moja. Asiye na barafu atumie kitambaa kilicholowa maji ya mtungini.

Hitimisho langu ni kwamba maumivu yakinyamaza, jeraha halijapona. Larrey aliliona hilo miaka zaidi ya 200 iliyopita. Anayemrudisha mgonjwa Muyinga leo hana budi kumweleza.