Vinyago vya Ng'ambo ya Kisiwa

Anayetaka kuijua historia ya Mombasa kwa kawaida hupelekwa kisiwani. Huoneshwa Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na UNESCO ikaiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, kisha huzungushwa vichochoro vya Mji wa Kale akatazama milango ya nakshi. Milango ile ni kazi ya mafundi wakubwa, na kila sifa inayopewa inaistahili. Lakini uchongaji wa sanamu, yaani kumtoa mtu au mnyama ndani ya gogo, ulistawi ng'ambo: Changamwe, Kisauni, Likoni, na kando ya barabara zinazotoka huko kwenda Kilifi na Kwale. Ulistawi zaidi uani, chini ya mti, watoto wakipita na sufuria ikichemka, kuliko katika karakana yenye bango mlangoni. Historia hiyo haijapewa heshima yake, na sababu kubwa ni kwamba tumezoea kuiita biashara ya watalii na kuishia hapo.

Mtalii alikuta watu wanachonga. Wamijikenda, ambao ardhi yao inaizunguka Mombasa kaskazini, magharibi na kusini, walikuwa na desturi ya kuwachongea wafu wao, na waliojulikana zaidi kwa kazi hiyo ni Wagiriama. Mzee wa chama cha Gohu, chama cha watu wenye mali na hadhi, akifariki, hatimaye husimamishiwa kigango. Mara nyingi marehemu mwenyewe ndiye hudai: humjia jamaa yake ndotoni, au boma huandamwa na maradhi na mikosi mpaka mganga aseme kuna mzee anayetaka kukumbukwa. Hapo hutafutwa mti mgumu ambao mchwa hawauwezi upesi, na fundi huchonga ubao mrefu, pengine kupita kimo cha mtu, wenye kichwa cha duara au kilicho bapa, na mwili uliojaa pembetatu zilizochimbwa na kutiwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi. Kigango hufungwa kitambaa, hutambikiwa kwa tembo na chakula, na huzungumzishwa kama mzee wa nyumba.

Nikizitazama pembetatu zile, kisha nikavuka daraja la Nyali kuitazama miimo ya milango ya Mji wa Kale, naona mikono iliyojuana. Kisiwani, kwa sababu za dini, mafundi waliepuka umbo la kiumbe wakaumaliza ustadi wao wote katika maua, mnyororo na mistari. Bara, mistari ile ile ilipewa kichwa na mabega.

Boma likihama, kigango hakihamishwi. Hubaki pale kilipopandwa, kikisimama peke yake vichakani, na desturi hiyo ndiyo iliyowarahisishia kazi wezi. Katika miaka ya 1970 na 1980 vigango vingi viling'olewa, vikapita katika maduka ya vinyago ya Mombasa na kufika kwenye majumba ya sanaa ya Marekani. Mwaka 1985 mtafiti mmoja Mmarekani alimpiga picha mzee wa Kigiriama akiwa mbele ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye vikaibwa, na miaka mingi ikapita kabla havijatambuliwa, kila kimoja katika makumbusho yake huko Marekani. Vilirudishwa nyumbani mwaka 2007. Mwaka 2014 makumbusho ya Denver nayo yalikubali kuachia vigango 30. Inauma kufikiri kwamba kitu kilichochongwa kwa sababu ya ndoto ya jamaa kiliuzwa kama pambo la sebule.

Mkondo wa pili wa historia hii unatoka mbali na bahari, Wamunyu, katika Machakos. Wakamba walikuwa wakiijua Mombasa tangu zamani; katika karne ya 19 misafara yao ilishusha pembe za ndovu pwani, na baadhi yao walihamia maeneo ya Rabai na kandokando yake. Kwao walichonga viti vya miguu mitatu vya wazee na kuvipamba kwa waya mwembamba wa shaba uliopigiliwa ndani ya mti kwa maumbo ya duara na nyota. Kiti cha namna hiyo hakikuhitaji waya hata kidogo ili kikalike. Mtu aliketi jioni nyingi akipigilia waya kwa sababu moyo wake haukuridhika na kiti kitupu, na wakati huo hapakuwa na mgeni wa kumlipa.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Mutisya Munge, mtu wa Wamunyu, alikuwa mmoja wa maelfu ya Waafrika waliochukuliwa kulitumikia jeshi la Waingereza katika kampeni ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Huko aliona wachongaji wakitoa sanamu za watu katika mpingo. Wengine husema walikuwa Wazaramo, wengine Wamakonde. Vita vilipokwisha alirudi kwao na kuanza kuchonga nyumbani, akauza kwa wazungu waliokuwa karibu, na ufundi ukaenda kwa jamaa na majirani. Katika miaka ya 1950 mchumi Walter Elkan alipoichunguza biashara hiyo, ilikuwa imekwisha kuenea Afrika Mashariki na kuvuka bahari. Hapakuwa na chuo cha sanaa wala mfadhili. Maarifa yalihama kwa kutazama: mtoto akaaye karibu na baba hupewa kwanza msasa, baadaye tupa, na siku moja tezo.

Changamwe ndipo mikondo hii ilipopata soko. Reli iliyoanza kujengwa mwaka 1896 kutoka Kilindini inapita hapo, bandari i jirani, na uwanja wa ndege wa Port Reitz ukaja kushusha wageni wa hoteli za ufuoni. Vijana wa Ukambani waliofuata kazi za bandari na viwanda walikuja na tezo zao. Mwaka 1963, mwaka wa uhuru, ushirika wa Akamba Handicraft ulianzishwa kwenye barabara ya Port Reitz, na wanachama wake baadaye wakahesabika kwa maelfu.

Mgeni akiingia katika mabanda yale husikia kwanza mlio wa tezo, mamia zikigonga kwa mapigo yasiyolingana. Gogo hufanyiwa kazi likiwa bichi, kwa kuwa mti mbichi hukubali chuma. Ukiharakishwa kukauka hupasuka, na kazi ya siku kadhaa ikapotea. Baada ya tezo huja kisu, kisha tupa, kisha msasa, mwisho rangi ya viatu na kitambaa cha kung'arishia. Wachongaji wamegawana viumbe: huyu ni wa twiga, yule wa kifaru, mwingine ni wa Mmasai mwenye mkuki. Kinyago kikifika katika chumba cha mauzo hubeba bei na namba ya mwanachama. Sehemu ya kazi hiyo hurudi nyumbani kila jioni, Chaani, Magongo au Mikindani, ambako mke na watoto hupiga msasa mbele ya chumba cha kupanga.

Hapa ndipo wakosoaji wengi walipowaacha watu hawa. Walisema twiga elfu wanaofanana si sanaa, na mchongaji anayefuata matakwa ya mnunuzi hana la kwake. Sikubaliani nao hata kidogo. Mwaka 1992 mwanahistoria wa sanaa Sidney Kasfir aliuliza ni nani aliyetoa mamlaka ya kuamua kipi ni cha asili katika sanaa ya Afrika na kipi ni cha duka, na swali hilo lingeulizwa kwa sauti kubwa zaidi hapa Changamwe. Aliyemchonga twiga kwa miaka 20 anajua shingo ihimili wapi ili isikatike, na anajua kufuata mshipa wa mti hata pale unapokataa. Tukiwapanga twiga wa mafundi wawili kwenye rafu moja, mwenye jicho atawatofautisha. Chakula cha watoto kilimlazimisha arudie, lakini hakikumlazimisha aipinde shingo kwa namna ile.

Kusini ya kivuko cha Likoni, ukiipita Diani na kuingia Msambweni, wako Wamakonde waliokuja kutoka Msumbiji na Tanganyika kuanzia miaka ya 1930 kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa huko Ramisi. Walichonga majumbani mwao kwa miongo mingi bila kitambulisho cha taifa. Vinyago vyao vilipanda ndege kwenda Ulaya, ilhali wao wenyewe waliogopa kizuizi cha polisi barabarani. Oktoba 2016 waliandamana kutoka Kwale hadi Nairobi kudai uraia, na mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya.

Kisauni ina sura yake. Huko Bombolulu, tangu mwaka 1969, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo kimeendesha karakana ambapo mapambo, ngozi na vinyago hutengenezwa na watu ambao ajira nyingine ziliwafungia mlango.

Mti wenyewe ndio ulioitikisa kazi hii kuliko ukosoaji wowote. Mpingo uliadimika, wachongaji wakageukia muhugu, na kufikia miaka ya 1990 muhugu wa msitu wa Arabuko-Sokoke ulikuwa ukikatwa kwa wizi. Bundi mdogo wa Sokoke hudhaniwa kutegemea mashimo ya miti hiyo kutagia, kwa hiyo kila gogo lililotoka msituni lilipunguza makao ya ndege huyo. Mradi wa WWF, UNESCO na bustani ya Kew ulishirikiana na wachongaji kuhamia miti ya shambani: mwembe, mjakaranda na hasa mwarobaini, ulioletwa kutoka Bara Hindi na sasa unaotia kivuli karibu kila ua wa pwani. Katikati ya miaka ya 2000 ushirika wa Changamwe ulipata hati ya FSC, ya uvunaji endelevu, kwa mbao za mashamba hayo. Mabadiliko hayo yaliirudisha kazi karibu zaidi na nyumba: gogo linakatwa kwa jirani.

Na nyumba ndiyo iliyoibeba kazi kila soko lilipokufa. Ghasia za Likoni za Agosti 1997 ziliwafukuza watalii, na korona ikafunga hoteli mwaka 2020. Mabanda yalinyamaza, wengine wakauza ndizi au wakaendesha bodaboda, lakini tezo haikuuzwa. Mjini na mashambani watu waliendelea kuchonga bila oda, na baadhi ya kazi za vipindi hivyo hazifanani na twiga wala kifaru: nyuso, mama na mtoto, mtu aliyeinama, vipande ambavyo havikuwa na mnunuzi wala namba ya mwanachama chini yake. Makumbusho ya Taifa, ambayo ofisi zake za Mombasa zimo ndani ya Ngome ya Yesu, yangeweza kuanza kwa kuvinunua vipande hivyo, kila kimoja kikiandikwa jina la aliyekichonga na mtaa anakoishi.