Dohani, Paa na Mvua: Utunzaji wa Nyumba za Zamani za Misioni katika Milima ya Usambara

Utangulizi

Kanisa linapoadhimisha miaka mia moja ya kazi yake, ni desturi njema kuwakumbuka wahubiri, walimu na waumini waliochangia kwa mali na kwa jasho lao. Ni nadra nyumba walizoishi watumishi hao kupewa nafasi katika kumbukumbu za namna hii. Ni nadra zaidi kutajwa kipande cha bati chenye upana wa viganja viwili, kinachofunika mahali ambapo dohani hutokeza juu ya paa. Hata hivyo, nyumba nyingi za zamani za milimani zimesimama au zimeanguka kwa sababu ya kipande hicho.

Makala haya yanaeleza jinsi nyumba zenye dohani zilivyofika Usambara, kwa nini huvuja mahali pale pale, na namna mafundi wanavyopaswa kuzitengeneza. Kipande hicho kitaitwa hapa bati la kinga.

Chimbuko la nyumba zenye dohani

Wamisionari wa Bethel, Johannes Johanssen na Ernst Wohlrab, walianzisha kituo cha Mlalo mwaka 1891. Kituo cha Vuga kilifuata mwaka 1895, na Bumbuli mwaka 1899. Wageni hao walitoka katika nchi ya baridi, na milimani wakakuta baridi nyingine. Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti ukungu hutanda mabondeni tangu alfajiri, na mtu aliyezoea joto la Tanga hutafuta moto.

Wenyeji walikuwa na jibu lao kwa baridi hiyo. Moto uliwaka katikati ya nyumba ya nyasi, na moshi ukapenya taratibu katika paa. Moshi huo haukuwa hasara tupu, kwa maana ulikausha nyasi na miti ya paa na kuwafukuza wadudu waharibifu. Nyumba ya namna hiyo haikuwa na tundu la kuzibwa. Nyumba ya kimisionari, kwa upande wake, ilikuwa na vyumba, dari na meko ya ukutani, na moshi wake ulipaswa kutolewa nje kwa njia moja. Ndipo ilipohitajika dohani ya mawe au ya matofali ya kuchoma, na paa likatobolewa ili kuipitisha.

Vifaa vya kiwandani havikupatikana kwa urahisi. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905. Kabla ya hapo mizigo ya kwenda milimani ilibebwa na wapagazi, na hata baada ya reli kufika Mombo, mlima wenyewe ulibaki kupandwa. Kila bati lililofika juu lilikuwa na jasho la mtu. Waumini wa leo wanaoliona bati kuukuu juu ya nyumba ya mchungaji wanafaa kukumbuka kwamba huenda lilipanda mlima juu ya kichwa cha mpagazi ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Kwa nini nyumba huvuja hapo

Dohani na paa ni vitu viwili vyenye tabia tofauti. Dohani husimama juu ya msingi wake, nayo ni nzito. Paa hulala juu ya kenchi za mbao, na mbao hutanuka wakati wa masika na kusinyaa wakati wa kiangazi. Mabati nayo hutanuka kwa jua la mchana na kujikunja kwa baridi ya usiku. Kwa hiyo mahali vitu hivyo vinapokutana hapatulii hata siku moja. Fundi akiziba ufa huo kwa saruji tupu, saruji itapasuka, kwa kuwa haiwezi kufuata mwendo wa paa.

Jibu la mafundi wa zamani lilikuwa kutumia vipande viwili badala ya kimoja. Kipande cha chini hufungwa kwenye paa na kukunjwa kupanda ubavuni mwa dohani kiasi cha sentimeta 15. Kipande cha juu huingizwa katika mfereji uliochimbwa kwenye kiungo cha matofali, kina chake kiasi cha sentimeta 2.5, kisha hukunjwa kushuka na kukifunika kile cha chini. Vipande hivyo viwili havipigiliwi misumari pamoja. Paa likisogea, kimoja huteleza nyuma ya kingine, na maji hayapati njia.

Mahali penye hatari kubwa ni nyuma ya dohani, upande unaotazama kileleni mwa paa. Maji yote yanayoteremka kutoka juu hugonga hapo, na majani ya miti hukusanyika na kuoza. Dohani yenye upana unaozidi sentimeta 75 huhitaji kujengewa nyuma yake kipaa kidogo chenye mgongo, ili maji yagawanyike kushoto na kulia. Dohani iliyotokea kileleni kabisa haina taabu hiyo.

Dalili za uharibifu

Maji yanayopita hapo hayaangui nyumba kwa siku moja. Kwanza huonekana doa la rangi ya kahawia kwenye dari, nalo hupakwa chokaa na kusahauliwa. Baadaye mbao zilizo karibu na dohani hulainika. Mchwa, ambao hupenda penye unyevu, huingia. Hatimaye kenchi hulegea na ukuta huanza kunywa maji. Ndipo watu husema kwamba nyumba imezeeka, ilhali kilichozeeka kilikuwa bati moja.

Ni vema wazee wa usharika wapande darini na kurunzi wakati mvua inanyesha, maana wakati huo nyumba husema kweli. Ncha ya kisu ikizama katika mbao bila shida, mbao hiyo imekwisha. Wakati wa kiangazi, mtu mmoja humwagilia maji kwa ndoo akianzia chini ya dohani na kupanda taratibu, na mwingine hutazama akiwa darini. Mahali maji yanapoanza kuonekana ndipo penye kosa.

Jaribio hilo huokoa fedha. Wakati mwingine bati la kinga ni zima, na maji yanaingia kwa ufa ulioko kichwani mwa dohani au kwa matofali yaliyochakaa. Kubadilisha bati katika hali hiyo ni kumtibu mgonjwa mguu wakati anaumwa mkono.

Namna ya kutengeneza

Kazi hii ifanywe baada ya masika kwisha na mapema kabla ya vuli. Mabati yanayoizunguka dohani huinuliwa. Mbao zilizooza hukatwa na kuwekwa nyingine, wala zisifunikwe kwa bati jipya, kwa maana uozo uliofunikwa huendelea kula gizani. Bati la mbele, upande wa chini, huwekwa kwanza. Mabati ya ubavuni hufuata. La nyuma huwekwa mwisho. Ukingo wake wa juu huingia chini ya bati la paa, na ncha zake hupanda juu ya yale ya ubavuni. Kanuni ni moja tu: kila cha juu kikifunike cha chini, kama manyoya ya ndege.

Baada ya hapo vipande vya juu huingizwa katika mfereji wa dohani, hukazwa kwa vikunjo vidogo vya bati, na mfereji hujazwa mchanganyiko wa chokaa na mchanga. Chokaa ifunikwe kwa magunia yenye maji kwa siku kadhaa isije ikakauka kwa haraka. Saruji ngumu haifai kwa matofali laini ya zamani. Huyafungia unyevu ndani, na uso wa tofali humeguka hali saruji yenyewe imesalia.

Yako makosa mawili yanayorudiwa mara kwa mara. La kwanza ni kupaka lami juu ya ufa. Lami hupasuka kwa jua, huficha mahali maji yanapopita, na humtaabisha fundi atakayekuja baadaye. La pili ni kuchanganya madini bila kujua tabia zake. Maji yanayotoka kwenye shaba hula haraka bati lililopakwa zinki.

Jambo moja linahusu uhai wa watu. Katika nchi nyingi za Ulaya bati la kinga lilitengenezwa kwa risasi, madini laini yanayokunjika kwa urahisi na kudumu miaka mingi. Lakini risasi ni sumu, na huwadhuru zaidi watoto wadogo. Usharika unaokinga maji ya mvua kutoka paani kwa ajili ya kunywa usiweke risasi juu ya paa hilo. Na ikigunduliwa kwamba nyumba ya zamani inayo, maji yake yasinywewe hadi itakapoondolewa. Bati zito lililopakwa zinki latosha, likikaguliwa kila mwaka.

Nyumba zilizobadilisha mikono

Nyumba hizi zimepita katika mikono mingi. Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza yaliiteka Usambara, na kufikia mwaka 1920 wamisionari wa Kijerumani walikuwa wameondolewa nchini. Walirudi kuanzia katikati ya miaka ya 1920, wakaondolewa tena baada ya vita kuanza mwaka 1939. Katika vipindi hivyo vyote walimu na wazee wenyeji ndio waliobaki na kazi ya Mungu. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa Kanisa moja la nchi nzima, na mali za misioni zikawa dhamana ya Wakristo wa nchi hii kwa ukamilifu.

Nyumba inapobadilisha mikono, mambo makubwa hukabidhiwa kwa maandishi: kiwanja, mipaka, funguo. Mambo madogo, kama vile siku ya kuondoa majani nyuma ya dohani, hayaandikwi. Aidha, meko nyingi sasa hazikokwi tena. Dohani isiyopata moto haikauki. Kwa hiyo huhitaji kufunikwa kichwani kwa namna inayozuia mvua na kuruhusu hewa kupita. Usharika ukiiacha wazi, au ukiiziba kabisa, unyevu hubaki ndani yake.

Hitimisho

Katika 2 Wafalme sura ya 12 imeandikwa habari za Mfalme Yoashi, aliyekuta kwamba hata mwaka wa 23 wa utawala wake makuhani walikuwa hawajatengeneza mahali palipobomoka katika hekalu. Sadaka zilikuwapo, lakini kazi haikufanyika. Ndipo kuhani Yehoyada alipotoboa tundu katika kifuniko cha sanduku, na fedha zilizokusanywa zikaenda moja kwa moja kwa maseremala na waashi. Hazikutumika kutengeneza vyombo vya fedha au vya dhahabu.

Sharika nyingi za milimani zinakabiliwa na uamuzi wa kubomoa nyumba za kale au kuzitengeneza. Wengine husema kwamba hizo ni nyumba za wageni, na heri jengo jipya litakaloonekana na watu. Hoja hiyo ina uzito wake, kwa kuwa ziko nyumba ambazo zimekwisha kuharibika kupita kiasi. Lakini kabla ya kukata shauri, ni haki mtu apande darini wakati wa mvua na kutazama. Huenda kinachotakiwa ni mabati machache, debe la chokaa na juma moja la kazi ya fundi mwaminifu. Na jengo jipya nalo, likisimama, litakuwa na maungio yake, na mvua ya masika itayatafuta.