Kuzindua jarida la kitaaluma ni mwanzo tu, kazi ni kulidumisha

CHUO kinapozindua jarida jipya la kitaaluma, hotuba husomwa na nakala za toleo la kwanza zikagawiwa wageni. Mtihani wenyewe huja baadaye, wakati makala ya toleo la pili na la tatu yanapohitajika na fedha za uzinduzi zimekwisha.

Jarida la taaluma mbalimbali ni lile linalopokea utafiti wa nyanja nyingi, kama vile kilimo, afya, uchumi, sheria na lugha. Hili si wazo geni, kwani majarida makongwe zaidi ya kitaaluma yalikuwa ya aina hiyo. Journal des sçavans lilitoka jijini Paris mnamo Januari 5, 1665. Miezi miwili baadaye, Machi 6, Henry Oldenburg, katibu wa Royal Society, alianzisha Philosophical Transactions jijini London. Toleo lake la kwanza lilikuwa na habari za doa kwenye sayari ya Mshtarii, ndama aliyezaliwa na kasoro na uvuvi wa nyangumi karibu na Bermuda.

Oldenburg aliliendesha jarida hilo kwa gharama zake akitarajia faida, lakini alichovuna kilikuwa kidogo. Hata hivyo, jarida lingali linachapishwa. Nature nalo lilianza Novemba 4, 1869 chini ya Norman Lockyer, aliyelihariri hadi 1919, huku kampuni ya Macmillan ikivumilia hasara kwa miaka mingi. Bila mfadhili mwenye subira, huenda lingezimika mapema.

Hatua ya kwanza ya mwanzilishi ni kuunda bodi ya wahariri. Katika jarida la taaluma nyingi kazi hii ni ngumu zaidi, kwa sababu mhariri aliyebobea katika historia hawezi kupima utafiti kuhusu magonjwa ya mahindi. Ndiposa kila nyanja huhitaji mhariri wake na orodha yake ya wahakiki. Kwa kawaida, kila makala hupelekewa wahakiki wawili au zaidi, na aghalabu mwandishi hawajui. Wengi wao hawalipwi, na hiyo ni sababu mojawapo ya makala kuchukua miezi kadhaa kabla ya kukubaliwa.

Hatua ya pili ni kupata ISSN, nambari ya tarakimu nane inayotolewa kupitia mtandao wa vituo ambao makao yake makuu yako Paris. Wengi hudhani nambari hiyo ni cheti cha ubora. La hasha! Kazi yake ni kulitambulisha jarida tu, na hata jarida duni laweza kuwa nayo.

Tatu ni mahali pa kulihifadhi. Programu ya Open Journal Systems, iliyotokana na mradi ulioanzishwa na John Willinsky nchini Kanada mwaka wa 1998, hupatikana bila malipo. Mwaka huo huo ilianzishwa African Journals Online ili majarida ya Afrika yasomwe kote ulimwenguni.

Suala la nne ni fedha. Gharama hulipwa na msomaji, na mwandishi au na taasisi. Mwandishi anapolipa, mlango wa ulaghai hufunguka. Mwaka wa 2013, mwanahabari John Bohannon alituma makala bandia yenye makosa ya wazi kwa majarida 304 yanayosomwa bila malipo, 157 yaliyakubali.

Nchini Kenya, ambako kupandishwa cheo kwa wahadhiri hutegemea pia machapisho yao, mhadhiri chipukizi anayeharakishwa na muda anaweza kulipa pesa nyingi na kuishia na makala yasiyotambuliwa na jopo lolote. Aidha, jina la "taaluma mbalimbali" huwafaa matapeli, kwani huwawezesha kumnasa kila mtafiti. Dalili zao ni kuahidi jibu la kukubaliwa kwa siku chache, kuficha ada na kuorodhesha wahariri wasiojua kwamba majina yao yametumiwa.

Lakini hata jarida la haki laweza kumwumiza mwandishi. Likifa na tovuti yake kufungwa, utafiti wake hutoweka pamoja nalo. Kwa hivyo ni busara kuwa na makala yaliyohakikiwa ya angalau matoleo mawili kabla ya uzinduzi, ratiba isiyozidi uwezo wa wahariri, bajeti ya miaka kadhaa na nakala zilizohifadhiwa katika maktaba.

Wahenga walinena kwamba kutangulia si kufika. Anayetaka kulipima jarida jipya asitazame fahari ya uzinduzi wake, bali asubiri kuona kama toleo la tano litatoka kwa wakati.