Shairi na Ujasiri wa Kusema

Msomaji kijana, huenda siku moja ukaitwa mbele ya darasa kusema shairi, magoti yakalegea na sauti ikakukauka. Usidhani kwamba ushairi wetu ulizaliwa katika ukimya wa vitabu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, alitunga mashairi ya kusemwa mbele za watu. Wakati wake Wamazrui walikuwa wakishindana na Seyyid Said wa Oman juu ya mji huo, hata Seyyid akautwaa mwaka 1837. Muyaka hakunyamaza, aliutetea mji wake kwa beti, akajibizana na washairi wa Lamu. Watu waliyashika maneno yake kwa moyo. Baadaye Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya, na mwaka 1940 William Hichens akayachapisha kuwa diwani.

Kwa nini yalishikika? Kwa sababu yalikuwa na mizani. Katika shairi la kawaida kila mshororo una mizani 16, yaani 8 katika kila kipande, na vina huonyesha mahali pa kutua. Basi hapo ndipo penye faida yako. Asiyezoea kusema huenda mbio, akaishiwa na pumzi. Lakini shairi humshika mkono, likamwonyesha pa kupumua na pa kumalizia. Ukiisha kulizoea, hata hotuba isiyo na vina utaisema kwa utulivu, na ukipingwa utajibu kwa adabu.

Kwa hiyo usiikwepe zamu yako. Anza na ubeti mmoja. Haba na haba hujaza kibaba.