BANDARI YA MOMBASA: KUTOKA JAHAZI HADI KONTENA

Leo jioni utakapofuturu kwa tende, hebu jiulize: imefikaje hapa Mombasa?

Zamani jibu lilikuwa rahisi: imekuja na jahazi. Majahazi ya Uarabuni na Ghuba yalishuka na upepo wa kaskazi yakileta tende, chumvi na mazulia. Kusi ikianza, mwezi wa Aprili hivi, yakarudi na boriti. Yalitia nanga Bandari ya Kale, mashariki ya kisiwa, chini ya Mji wa Kale.

Bandari hiyo si ya juzi. Ibn Battuta alipopita mwaka 1331 alieleza kuwa wenyeji hawalimi nafaka, huletewa kwa vyombo. Yaani tangu hapo mji huu unakula kwa bahari! Ndio maana wenye nguvu waliupigania. Wareno waliushambulia 1505, wakaanza kujenga Fort Jesus 1593, mpaka Waomani wakawatoa 1698.

Sasa mbona kazi ilihamia upande wa pili? Waingereza walianza kujenga reli ya kwenda Ziwa Victoria mwaka 1896, na meli kubwa za stima zilitaka maji yenye kina. Maji hayo yako magharibi ya kisiwa, Kilindini. Jina lenyewe lasema: penye kilindi. Miaka ya 1920 yakajengwa magati ya kina kirefu, na mahamali wakabeba magunia kwa migongo yao. Mgomo mkuu wa Januari 1947, wa kudai mishahara bora, ulisimamisha mji, na wafanyakazi wa bandari walikuwa mstari wa mbele.

Kisha likaja kontena. Mzigo uliochukua genge zima siku nzima, kreni moja huuinua kwa dakika chache. Kituo cha pili cha makontena kilifunguliwa 2016, na mwaka 2024 bandari ilipitisha zaidi ya makontena milioni 2, kwa kipimo cha futi 20. Mengine huenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo.

Lakini usijidanganye ati bandari haihamishiki. Reli mpya ilipoanza 2017 na makontena kuamriwa yapelekwe Nairobi kwa treni, wenye malori na mawakala wa forodha walikosa kazi, na 2019 watu wakaandamana. Septemba 2022 ndipo serikali ikatangaza shughuli hizo zirudi Mombasa. Bahari haikusogea hata shibiri moja. Kilichosogea ni uamuzi wa watu.

Basi kijana mwenzangu, usingoje kuitwa kibarua getini. Pale Bandari Maritime Academy hufundishwa ubaharia na kazi za bandari. Jifunze kuendesha kreni, jifunze forodha, jifunze sheria za bahari. Babu zetu walijua kusoma upepo. Sisi tusome kinachoamuliwa nchi kavu, manake ndicho kinachovuma sasa.

Ramadhan Karim.