Karate, Judo na Imani Yetu: Je, Kuinama ni Kuabudu?

Jioni moja, baada ya kikao cha baraza la wazee, mama mmoja wa usharika wetu alibaki nyuma akinisubiri mlangoni. Mwanawe, mwanafunzi wa kipaimara, alikuwa ameanza kujifunza karate pamoja na wenzake katika darasa la shule baada ya masomo. "Baba Mchungaji," aliniambia, "nasikia kabla ya kuanza wanainama. Wanamwinamia nani?"

Sikuwa na jibu. Tena nilikuwa na sababu ya kuona haya. Miaka mingi nyuma, nikiwa mchungaji mpya, kijana mwingine aliniuliza jambo hilohilo, nami nikamjibu mara moja kwamba aache, hayo ni mambo ya mashetani. Nilimjibu kwa hofu, si kwa maarifa. Kijana yule hakuacha karate. Aliacha kwaya, kisha akaacha ibada. Swali la mama huyu lilinirudisha kwake, nikaona imenipasa kusoma kwanza ndipo niseme.

Zilitoka wapi?

Wengi wetu tulizijua sanaa hizi kupitia filamu za Bruce Lee na wenzake katika vibanda vya video. Filamu husimulia mengi ambayo historia haiyathibitishi. Husemwa, kwa mfano, kwamba mtawa kutoka India aitwaye Bodhidharma ndiye aliyewafundisha watawa wa Shaolin, huko China, kupigana. Wanahistoria wameonyesha kwamba habari hiyo inatokana na maandishi ya karne ya 17, zaidi ya miaka elfu moja baada ya wakati wake. Ni kweli kwamba watawa wa Shaolin walipigana. Mwaka 621 walimsaidia mwanamfalme Li Shimin vitani, na habari hiyo ikachongwa kwenye jiwe mwaka 728. Lakini hata huko China mapigano hayakuwa mali ya watawa peke yao. Wakulima walijifunza ili kulinda vijiji, na askari walijifunza jeshini. Waislamu wa jamii ya Wahui nao walitoa walimu mashuhuri, mmoja wao akiwa Wang Ziping, aliyefariki mwaka 1973.

Karate ilikulia Okinawa, kisiwa kikuu cha ufalme mdogo wa Ryukyu uliokuwa ukifanya biashara na China na Japani. Mwaka 1609 ufalme huo ulivamiwa na Wajapani wa Satsuma, na mwaka 1879 Japani iliufuta kabisa. Mtu wa Okinawa aitwaye Kanryo Higaonna alivuka bahari hadi Fuzhou, China, akajifunza huko, akarudi kuwafundisha wenzake. Mwanafunzi wake, Chojun Miyagi (1888–1953), ndiye aliyeanzisha mtindo wa Goju-ryu, yaani ugumu na ulaini pamoja.

Mwalimu mwingine wa Okinawa, Anko Itosu, aliiingiza karate shuleni mwanzoni mwa karne ya 20 kama mazoezi ya viungo. Mwaka 1908 aliwaandikia wakuu wa elimu barua yenye mafundisho kumi. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini kwa mshangao, maana jambo la kwanza analosema mzee huyo ni kwamba karate haikutokana na dini ya Kibudha wala na mafundisho ya Konfusio. Swali la yule mama liliulizwa Okinawa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na likajibiwa na mtu aliyeijua kazi yake.

Judo nayo ina mwanzilishi anayejulikana. Jigoro Kano, mwalimu wa shule, alianza mwaka 1882 na wanafunzi wachache katika chumba kidogo alichokipata kwenye hekalu la Kibudha mjini Tokyo. Alichukua mieleka ya kale ya Japani, akaondoa mbinu za kuua na kuvunja viungo, akaita alichokipata "njia ya upole". Alifundisha kwamba nguvu itumike vizuri, na kwamba mtu asitawi pamoja na mwenzake.

Hata hivyo tusidanganyane kwamba dini haimo kabisa. Morihei Ueshiba, mwanzilishi wa aikido, alikuwa mfuasi wa dini ya Kijapani iitwayo Omoto, na imani hiyo iliathiri mafundisho yake. Katika kumbi nyingi za mazoezi huko Japani kuna rafu ndogo ya ibada ya Kishinto ukutani. Basi Mkristo hawezi kusema "yote ni sawa" bila kuangalia, wala hawezi kusema "yote ni mashetani" bila kuangalia.

Zilivyofika kwetu

Katika miaka ya 1970 Mmarekani mweusi aitwaye Nantambu Camara Bomani alianza kufundisha Goju-ryu jijini Dar es Salaam, Zanaki. Mahali pake pa mazoezi paliitwa Hekalu la Kujilinda. Msharika anayesikia jina hilo atashtuka, maana kwetu hekalu ni la Mungu. Lakini waliofunzwa humo walikuwa Watanzania wa kawaida, Wakristo na Waislamu, na wengi walikwenda kufundisha wengine. Zanzibar, Mjapani Tsuyoshi Shimaoka alianza kufundisha judo katika miaka ya 1990, na vijana wa Kiislamu wakajifunza bila kuacha swala zao.

Nasi wa Ngara na Biharamulo hatuhitaji kuelezwa kwa nini kijana anataka kujua kujilinda. Tunakumbuka miaka ambayo magari ya abiria yalisindikizwa na polisi wenye bunduki kupita mapori yetu kwa sababu ya majambazi. Binti aliyetembea peke yake kwenda shuleni wakati ule alijua hofu ni nini. Akitaka kujifunza kujinasua mkononi mwa mtu mbaya, sioni kosa lake.

Kuinama

Sasa turudi kwenye swali la mama. Neno la Mungu linajua kuinama kwa namna mbili. Katika Mwanzo 23 Ibrahimu anawainamia watu wa nchi, wana wa Hethi, alipokuwa akitafuta mahali pa kumzika Sara, wala hakuna anayemlaumu. Katika Danieli 3 Shadraka, Meshaki na Abednego wanakataa kuinama mbele ya sanamu, hata kwa kutupwa motoni. Mwili unafanya tendo lilelile, ila kule ni heshima kwa jirani na huku ni ibada kwa asiye Mungu.

Katika 2 Wafalme 5 yuko pia Naamani Mshami. Amekwisha kumwamini Bwana, lakini kazi yake inamlazimu kumshika mkono mfalme wake anapoinama katika nyumba ya Rimoni. Anamweleza Elisha wasiwasi wake, na Elisha anamwambia aende kwa amani. Nabii hakumfukuza mtu mwenye dhamiri iliyokuwa ikiuliza. Mimi nilimfukuza.

Mila zetu wenyewe zatusaidia kuelewa. Mabinti wengi wa mkoa huu hupiga magoti kuwaamkia wazee, na sisi Wakristo tunawasifu kwa malezi mema. Hakuna anayesema wanawaabudu bibi zao. Kuinama kwa mwanakarate mbele ya mwenzake kuna maana ya namna hiyo: nakuheshimu, sitakuumiza kwa makusudi. Katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964 Mholanzi Anton Geesink alimshinda Mjapani nyumbani kwao. Mashabiki wake walipotaka kuvamia ulingo kwa furaha, aliwazuia kwa mkono, kisha akamwinamia aliyeshindwa. Sioni sanamu hapo. Naona mtu aliyeshinda bila kumdharau mwenzake.

Hatari iliyo kubwa zaidi

Nikiisoma historia hii, naona hatari kubwa haiko katika kuinama. Iko katika swali la mwili uliozoezwa unamtumikia nani. Mwaka 1931 serikali ya Japani ilifanya judo na kendo kuwa za lazima kwa wavulana wa sekondari. "Njia ya upole" ya Kano ikageuzwa kuwa maandalizi ya vita, na vijana waliofundishwa heshima wakatumwa kuziumiza nchi za jirani. Baada ya Japani kushindwa mwaka 1945, sanaa hizo zilipigwa marufuku shuleni kwa muda.

Sisi tunaoishi karibu na daraja la Rusumo twaweza kulielewa jambo hilo kuliko wengi. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka mpaka kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, na Benaco ikawa mji wa mahema. Tuliwapokea, na makanisa yetu yalihudumu. Lakini tulijua pia ni nini kilichotokea upande wa pili wa mto. Vijana waliokuwa wamekusanywa katika tawi la vijana la chama walifunzwa kuua majirani zao, na wengi wao walikuwa wamebatizwa. Ubatizo wao haukukosa maji. Walikosa mtu wa kuwaambia, kabla ya siku ile, kwamba mikono yao ni ya Bwana.

Kwa hiyo mzazi asiulize tu, "Wanamwinamia nani?" Aulize pia, "Mwalimu huyu anamlea mwanangu awe mtu gani?"

Mazoezi na neema

Mtume Paulo, katika 1 Timotheo 4:8, hakudharau mazoezi ya mwili. Aliyapa faida yake, kisha akasema utauwa una faida zaidi, kwa maisha ya sasa na yale yajayo. Sisi Walutheri tuishike tofauti hiyo. Mkanda mweusi waweza kumpa mtu subira, afya na kujitawala. Hauwezi kumpa msamaha wa dhambi. Walimu wa sanaa hizi husema amani hupatikana kwa kujishinda mwenyewe. Injili inasema amani yetu imepatikana kwa Kristo, aliyekuwa na uwezo wa kuita majeshi ya malaika, akamwambia Petro arudishe upanga. Mkristo hafanyi mazoezi ili awe mwema mbele za Mungu. Amekwisha kupokelewa bure, na kwa uhuru huo anautoa mwili wake kumtumikia jirani.

Basi nawashauri wazazi waende wenyewe kuangalia mazoezi. Mahali ambapo kijana anaombwa kusali kwa roho au miungu, au kula kiapo, na akatae waziwazi. Mahali ambapo mwalimu anachochea kisasi au kiburi, au anawagusa watoto isivyopasa, aondolewe huko siku hiyohiyo. Pasipo na hayo, tusimfungie kijana mlango ambao Mungu hakuufunga.

Nilikwenda na yule mama hadi darasani kwao. Tuliona vijana kama ishirini, miguu wazi kwenye sakafu ya saruji, wakainamiana, wakaanza. Mama alitazama kimya mpaka mwisho. Njiani aliniambia, "Baba Mchungaji, nitakuwa nakuja kila Ijumaa kumtazama." Nikamwambia hilo ni jibu bora kuliko langu.

Yule kijana wa kwanza, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye familia, nilimtafuta kwa simu nikamwomba radhi. Alinishukuru. Hajarudi ibadani bado. Naomba msomaji anisaidie kumwombea, na kama katika mtaa wako kuna kijana anayeuliza, msikilize kabla hujamjibu.